Uzi: Kuposti Mastodon na Bluesky (mitandao ya posti fupi) kutoka terminali. Jinsi ya kuingia, tokeni inakaa wapi, na kwa nini faili lile ndilo akaunti yako

#1 Mwana_Terminali

Wakuu, salaam.

Maswali yaleyale yanarudi humu kila baada ya wiki chache: "nimeweka toot lakini inasema sijaingia" (toot ni programu ya kuposti Mastodon kwa amri), "skripti inaposti nikiiendesha mwenyewe, usiku haiposti", "nimebadilisha nenosiri lakini bado kuna mtu anaandika kwa jina langu". Hili la mwisho lilinikuta mimi. Ndiyo maana nimekaa niandike uzi mzima badala ya kujibu juu juu.

Nilikuwa nimekusanya mipangilio yangu yote kwenye folda moja, nikaipandisha kwenye hazina ya Git (mfumo wa kutunza matoleo ya faili) iliyo wazi kwa kila mtu, ili nikikaa kwenye kompyuta mpya nishushe tu na kuendelea na kazi. Ndani yake kulikuwa na `.config/toot/config.json`. Nililifungua faili kabla ya kulipandisha, nikatafuta nenosiri langu, sikuliona, nikaridhika. Siku mbili baadaye akaunti yangu ilikuwa inatuma viungo vya utapeli kwa watu ninaowaheshimu. Nikabadilisha nenosiri, nikawasha uthibitisho wa hatua mbili, nikalala. Asubuhi viungo vilikuwa bado vinatoka. Nikafuta faili kwenye hazina. Bure, kwa sababu Git inatunza kila toleo la nyuma, na anayetafuta siri anatafuta humo humo.

Kilichokata mzizi ni kitufe kimoja kwenye tovuti ya seva yangu: ukurasa wa programu nilizoziidhinisha, nikaibatilisha toot. Dakika ileile kimya kikatawala.

Nilichojifunza ni hiki. Nenosiri unalitumia mara moja tu, kwenye kivinjari, kumwambia seva "programu hii naiamini". Kuanzia hapo kinachofanya kazi ni tokeni: mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu uliokaa ndani ya faili. Anayeishika anaandika kama wewe, na seva haimuulizi nenosiri wala ule msimbo wa simu. Tokeni ya Mastodon pia haifi yenyewe kwa kupita muda. Itaishi mpaka mtu aibatilishe.

Niseme kidogo tulikotoka, maana wengi wanasoma miongozo ya zamani na kuchanganyikiwa. Programu za kwanza za aina hii zilikuwa rahisi mno. Kuna moja inaitwa bti, aliyoiandika Greg Kroah-Hartman, ya kutuma kwenye Twitter na identi.ca kutoka terminali. Faili lake la mipangilio ni `~/.bti`, na enzi zile ndani yake ulikuwa unaweka hivi:

```
account=jina_langu
password=nenosiri_langu
host=twitter
```

Yaani nenosiri lenyewe, kavukavu. Kila ombi lililokwenda kwenye seva lilibeba nenosiri hilo. Ukitaka kuizuia programu moja, ilibidi ubadilishe nenosiri, na programu nyingine zote zinakatika pamoja nayo. Twitter iliifunga njia hiyo mwezi Agosti 2010, ikahamisha kila mtu kwenye OAuth, utaratibu wa kuiruhusu programu bila kuipa nenosiri. Tangu hapo faili la bti likahitaji vitu vinne: `consumer_key` na `consumer_secret` vinavyoitambulisha programu, kisha `access_token_key` na `access_token_secret` vinavyosema mwenye akaunti ameikubali.

Ukielewa huo mgawanyo wa pande mbili, programu na mtu, umeelewa karibu kila kitu kilichofuata. OAuth 2.0, iliyochapishwa kama RFC 6749 mwaka 2012, imepunguza hesabu za sahihi lakini wazo ni lilelile. Ni kama barua ya uwakilishi: inamtaja anayetumwa, inataja anachoruhusiwa kufanya, na aliyeitoa anaweza kuitengua bila kubadilisha jina lake.

Sasa tuingie kazini. Nitaanza na toot ya Ivan Habunek, kwa sababu ndiyo naitumia kila siku. Imeandikwa kwa Python, na inaongea na Mastodon.

```
pipx install toot
toot login
```

Itakuuliza anwani ya seva yako. Andika jina la seva tu, mfano `mfano.example`, usiandike jina lako la mtumiaji. Hapo toot inafanya jambo ambalo wengi hawalioni: inajisajili yenyewe kwenye seva hiyo kama programu, kupitia `/api/v1/apps`, na kurudishiwa `client_id` na `client_secret`. Kisha inakuonyesha kiungo kirefu na kukuuliza kama ikifungue kwenye kivinjari. Ukikubali, utaingia kwa nenosiri kama kawaida, utabonyeza kuidhinisha, na seva itakupa msimbo. Unaurudisha terminali, unaubandika, unabonyeza Enter.

Jaribu:

```
toot whoami
toot post "Jaribio kutoka terminali" --visibility unlisted
```

Nimeweka `unlisted` makusudi, ili jaribio lako lisijae kwenye mkondo wa wazi wa watu wote.

Halafu fungua faili. Nawaomba sana mlifungue, kila mtu alione lake kwa macho yake:

```
{
  "apps": {
    "mfano.example": {
      "base_url": "https://mfano.example",
      "client_id": "...",
      "client_secret": "...",
      "instance": "mfano.example"
    }
  },
  "users": {
    "jina@mfano.example": {
      "access_token": "...",
      "instance": "mfano.example",
      "username": "jina"
    }
  },
  "active_user": "jina@mfano.example"
}
```

Juu ni programu, chini ni mtu. Ule mstari wa `access_token` ndio ulioniumiza. Kagua nani anaweza kulisoma:

```
ls -l ~/.config/toot/config.json
chmod 600 ~/.config/toot/config.json
```

Ukiona `-rw-------` mwanzoni, ni wewe tu na msimamizi wa mashine mnaoweza kulisoma. Ukiona `-rw-r--r--` na kuna watumiaji wengine kwenye mashine hiyo, ichukulie tokeni hiyo kuwa imeshasomwa. Ibatilishe, uingie upya.

Karibuni kwa maswali. Mambo ya cron (kiendesha amri kwa ratiba) na Bluesky nitayaleta kadri tunavyokwenda.

---

#2 Nuru_B

Mkuu, asante kwa uzi. Mimi natumia seva ya mbali kwa SSH, haina kivinjari wala skrini. `toot login` ilinitolea kiungo, nikabonyeza ndiyo, terminali ikajaa herufi za ajabu, nikalazimika kutoka. Nikajaribu `toot login_cli` kwa barua pepe na nenosiri, ikakataa kabisa. Nenosiri nimeliandika mara tatu, ni sahihi.

---

#3 Mwana_Terminali

Dada Nuru, nenosiri lako halina shida. Kama umewasha uthibitisho wa hatua mbili, `login_cli` haina pa kukuuliza ule msimbo, kwa hiyo seva inakataa na ina haki ya kukataa. Achana nayo. Hata kwa asiye na hatua mbili, siipendi, kwa sababu inaturudisha kulekule kwa kuipa programu nenosiri.

Zile herufi za ajabu nadhani ni kivinjari cha maandishi kilichofunguka ndani ya terminali, maana seva nyingi huwa nacho.

Dawa ni kwamba kivinjari si lazima kiwe kwenye mashine ileile. Rudia `toot login`, ikikuuliza kama ifungue kiungo jibu `n`. Nakili kiungo, kifungue kwenye simu au kompyuta uliyokaa nayo, idhinisha, uchukue msimbo uubandike kwenye dirisha la SSH. Seva haijali msimbo umepitia mkono gani.

Kinachowezesha hilo ni anwani moja ya pekee ambayo programu inaitoa inapojisajili: `urn:ietf:wg:oauth:2.0:oob`. Maana yake ni "usimrudishe mtumiaji kwenye tovuti yoyote, mwonyeshe msimbo ausome". Ukiona programu ya terminali inang'ang'ania kurudi kwenye `http://localhost`, ujue imeandikwa kwa mtu aliyekaa mbele ya mashine yenyewe. Kwa hiyo, pitisha mlango kwa SSH:

```
ssh -L 8080:localhost:8080 seva
```

Badilisha 8080 kwa namba ya mlango ambayo programu yako inaitaja kwenye kiungo.

Angalizo moja: msimbo huo ni wa mara moja na una muda mfupi. Usiuache ukaenda kula halafu ukarudi kuubandika. Ukikataliwa, anza tena na kiungo kipya, usihangaike na ule wa zamani.

---

#4 Nuru_B

Imekubali! `toot whoami` imenitaja jina. Kumbe shida ilikuwa ni kujibu ndiyo.

---

#5 Kamba_Mbili

Naomba nitofautiane kidogo. Mimi nina nenosiri kwenye faili, `chmod 600`, mashine ni yangu peke yangu, diski imesimbwa. Miaka yote hakuna kilichotokea. Huu mzunguko wa tokeni ni kuongeza safari tu. Kama mwizi amefika kwenye faili, atachukua tokeni kama ambavyo angechukua nenosiri.

---

#6 Mwana_Terminali

Mkuu Kamba, hoja yako ina uzito nusu, na nusu hiyo naikubali: mwizi akishafika kwenye faili, vyote viwili vinaibika. Tofauti inakuja baada ya wizi.

Mwenye nenosiri lako anaweza kubadilisha barua pepe ya akaunti, kubadilisha nenosiri lenyewe, na kukufungia nje. Mwenye tokeni anafanya yale tu ambayo tokeni imeruhusiwa. Kwenye Mastodon ruhusa hizo zimegawanywa vipande vidogo: `read`, `write`, na chini yake kuna `write:statuses`, `write:media`, `read:notifications` na nyingine nyingi. Waliponiibia mimi waliweza kuandika, na iliniuma sana, lakini akaunti ilibaki mikononi mwangu. Ningekuwa nimeweka nenosiri mle ndani, sijui kama leo ningekuwa natumia jina hilihili.

Hapa ndipo nilipo na msimamo mkali. toot inaomba ruhusa pana, kusoma na kuandika, kwa sababu ni programu ya mtu aliyekaa anasoma mkondo na kujibu watu. Hiyo ni haki yake. Lakini skripti inayotuma taarifa moja kila asubuhi haihitaji kusoma ujumbe wako wa faragha. Itengenezee tokeni yake.

Ingia kwenye tovuti ya seva yako, nenda kwenye mapendeleo, sehemu ya maendeleo, tengeneza programu mpya. Ipe jina utakalolitambua baada ya mwaka mzima, kwa mfano "roboti ya hali ya hewa, seva ya nyumbani", wala si "jaribio2". Ondoa alama zote za ruhusa, ubakize `write:statuses` peke yake. Hifadhi. Ukiifungua tena utaona tokeni imeshatengenezwa, hakuna haja ya kivinjari tena.

Sasa hakuna haja hata ya toot. Tengeneza faili, tuseme `~/.siri/roboti.conf`, `chmod 600`, ndani yake:

```
header = "Authorization: Bearer TOKENI_YAKO"
```

Kisha:

```
curl -sS -K ~/.siri/roboti.conf \
  -F "status=Habari za asubuhi" \
  https://mfano.example/api/v1/statuses
```

Kwa nini `-K` na si kuandika tokeni moja kwa moja kwenye amri kwa `-H`? Kwa sababu amri nzima inaonekana kwa yeyote kwenye mashine hiyo anayeandika `ps aux` wakati curl inafanya kazi, na inabaki kwenye historia ya ganda lako. Ukiiweka kwenye faili, kinachoonekana ni jina la faili tu.

---

#7 Fundi_Bit

Nyongeza kwa mkuu hapo juu. Roboti ikipoteza mtandao katikati, huwa inarudia kutuma na unajikuta na posti mbili zinazofanana. Ongeza kichwa hiki kwenye ombi:

```
-H "Idempotency-Key: asubuhi-$(date +%F)"
```

Seva ikiona ufunguo uleule umerudi ndani ya muda mfupi, hadi saa 1, inakurudishia posti ileile ya kwanza badala ya kutengeneza ya pili. Hiki si siri, kwa hiyo kukiandika kwenye amri hakuna ubaya.

---

#8 Saa_Kumi

Wakuu, mimi ndiye wa "usiku haiposti". Nikiandika amri mwenyewe inafanya kazi vizuri kabisa. Cron ikiiendesha, kimya. Hakuna posti, hakuna kosa. Crontab yangu (orodha ya ratiba za cron):

```
0 4 * * * toot post "$(cat /home/mimi/leo.txt)"
```

---

#9 Mwana_Terminali

Kosa lipo mkuu, ila hulioni. Cron hulituma kwa barua pepe ya ndani ya mashine, na wengi wetu hatujaiweka. Lielekeze kwenye faili kwanza:

```
0 4 * * * toot post "$(cat /home/mimi/leo.txt)" >> /home/mimi/cron.log 2>&1
```

Kesho ukisoma `cron.log` utakuta moja kati ya mambo mawili.

La kwanza: `toot: not found`. pipx huweka programu kwenye `~/.local/bin`, na cron haisomi `.bashrc` yako. PATH yake, yaani orodha ya folda inamotafuta programu, ni fupi mno, mara nyingi `/usr/bin:/bin` basi. Andika njia nzima: `/home/mimi/.local/bin/toot`.

La pili: toot inalalamika kwamba hujaingia. Hapo uliza, crontab hii ni ya nani? Kama uliifungua kwa `sudo crontab -e`, inaendeshwa na root, na `HOME` ya root ni `/root`, kwa hiyo toot inatafuta `/root/.config/toot/config.json` na haikuti kitu. Tumia `crontab -e` bila sudo. Tafadhali usilitatue kwa kunakili faili la tokeni kwenda `/root`. Utakuwa na nakala mbili za ufunguo mmoja, na siku ya kuufuta utaisahau moja.

Kuna sura ya tatu ya tatizo hili, ilinichukua jioni nzima. Nilikuwa nimeihamisha folda ya mipangilio kwa `XDG_CONFIG_HOME` ndani ya `.bashrc`. Terminali inaijua, cron haiijui. Nikiwa nimekaa, toot inasoma faili jipya. Usiku inasoma la zamani, lenye tokeni niliyokwisha kuibatilisha. Kwa hiyo nikawa napata kosa la 401 (hujatambuliwa) kutoka kwenye akaunti ambayo nina uhakika nimeingia. Kama unatumia kigeu hicho, kiandike juu kabisa ya crontab.

---

#10 Saa_Kumi

Ilikuwa ni PATH. Sasa imepost, ila imepost kwenye akaunti ya kazini! Nina akaunti mbili. Nimeifuta haraka.

---

#11 Mwana_Terminali

Pole sana. Hiyo ni kwa sababu ya `active_user` kwenye lile faili. Andika `toot auth` uone akaunti zote, na ipi ndiyo hai. `toot activate jina@mfano.example` inabadilisha iliyo hai, lakini kwa cron usiitegemee, kwa sababu ukibadilisha mchana kwa shughuli zako, usiku skripti inafuata mabadiliko hayo bila kukuuliza. Itaje akaunti ndani ya amri yenyewe:

```
/home/mimi/.local/bin/toot post --using jina@mfano.example "..."
```

Na kama ni akaunti ya kazini, mimi binafsi ningeiweka chini ya mtumiaji mwingine kabisa wa mashine, mwenye `HOME` yake. Akaunti mbili zenye uzito tofauti zisikae kwenye faili moja.

---

#12 Bi_Kibodi

Naomba tuhamie Bluesky. Nimeandika skripti ya ganda inayoingia na kuposti kila baada ya dakika 3, vipimo vya mtambo wangu. Inafanya kazi saa kadhaa halafu inaanza kurudisha `RateLimitExceeded`. Kikomo cha posti sijakikaribia hata kidogo.

---

#13 Mwana_Terminali

Bi Kibodi, kikomo ulichokigonga si cha kuposti, ni cha kuingia. Kila unapoita `com.atproto.server.createSession` unafungua kikao kipya, na seva za Bluesky zinaruhusu 30 kwa kila dakika 5 na 300 kwa siku kwa akaunti moja. Piga hesabu: kila dakika 3 ni mara 20 kwa saa, mara 480 kwa siku. Ndani ya saa 15 umeshafika 300.

Kwanza niulize: hilo nenosiri ndani ya skripti ni la akaunti, au ni nenosiri la programu?

---

#14 Bi_Kibodi

Ni la akaunti. Sikujua kuna lingine.

---

#15 Mwana_Terminali

Basi hilo ndilo la kurekebisha leo, kabla ya kikomo. Nenda kwenye mipangilio ya Bluesky, sehemu ya faragha na usalama, utaona manenosiri ya programu. Tengeneza moja. Litakuja kwa umbo la `xxxx-xxxx-xxxx-xxxx`, na litaonyeshwa mara moja tu. Nenosiri hilo haliwezi kufuta akaunti wala kutengeneza manenosiri mengine ya programu. Ruhusa ya ujumbe wa faragha ina kisanduku chake pembeni. Usikitie alama. Ukishamaliza, badilisha nenosiri la akaunti, maana lile lilishakaa ndani ya skripti.

Sasa kuhusu kikao. Ukiingia unarudishiwa tokeni mbili, `accessJwt` na `refreshJwt`. Ya kwanza ndiyo ya kufanyia kazi, na maisha yake ni mafupi. Ya pili inaishi muda mrefu zaidi na ina kazi moja tu: kukuletea jozi mpya bila kuingia upya. Kwa hiyo ingia mara moja, zihifadhi:

```
umask 077
curl -sS https://bsky.social/xrpc/com.atproto.server.createSession \
  -H "Content-Type: application/json" \
  -d @ingia.json > kikao.json
```

`ingia.json` ina `identifier` na `password`, na kwa kuwa curl inaisoma kama faili, nenosiri halipiti kwenye amri. `umask 077` inahakikisha `kikao.json` linazaliwa likiwa la kwako peke yako, badala ya kuzaliwa wazi ukalifunga baadaye.

Kila mara unapoposti, tumia `accessJwt` iliyohifadhiwa. Ikikataliwa kwa kuwa imeisha, ita `com.atproto.server.refreshSession` ukiwa umeweka `refreshJwt` kwenye kichwa cha `Authorization`, kisha uandike upya zote mbili kwenye `kikao.json`. Nasisitiza "zote mbili" kwa sababu wengi wanaihifadhi `accessJwt` mpya na kuiacha `refreshJwt` ya zamani. Skripti inaendelea vizuri kwa muda, halafu inakatika na mwenyewe haelewi kwa nini.

Jambo jingine linalopoteza watu: tokeni iliyoisha, Bluesky huirudisha kama HTTP 400 yenye `"error":"ExpiredToken"`. Haiji kama 401. Kama skripti yako inasubiri 401 ndipo ifanye upya, itasubiri milele. Soma jina la kosa, usisome namba peke yake.

---

#16 Fundi_Bit

Na kama una kazi mbili za cron zinazotumia `kikao.json` moja, zifunge kwa `flock`. Zikifanya upya kwa wakati mmoja, moja itaandika juu ya nyingine. Nilishalipitia hilo.

```
flock ~/.siri/bsky.lock ./posti.sh
```

---

#17 Kamba_Mbili

Nimerudi. Suala la `write:statuses` limeniingia, nitalifanya. Lakini swali: hizi tokeni si afadhali kuziweka kwenye vigeu vya mazingira kuliko faili? Miongozo mingi inasema hivyo.

---

#18 Mwana_Terminali

Miongozo hiyo mingi imeandikwa kwa ajili ya seva za programu za tovuti, ambako mfumo mwingine ndio unaoingiza vigeu. Kwenye kompyuta yako, kigeu lazima kianzie mahali fulani, na mahali hapo mara nyingi ni `.bashrc`, yaani faili, tena faili ambalo watu wanapenda kulipandisha Git. Zaidi ya hapo kigeu kinarithiwa na kila programu unayoianzisha kutoka terminali hiyo, hata isiyohusika, na programu ikianguka na kumwaga taarifa zake za kosa, vigeu huwa vinamwagika pamoja nazo.

Ukitaka kupanda ngazi kutoka kwenye faili la kawaida, tumia `pass`, ambayo inasimba kila siri kwa GPG, au `secret-tool` kama una mazingira ya dawati. Kwa mtu anayekaa mbele ya mashine ni nzuri sana. Kwa cron ya usiku inakuwa ngumu, kwa sababu ufunguo wa GPG unataka mtu wa kuufungua. Hapo faili lenye `600` na tokeni yenye ruhusa moja tu ndiyo chaguo ninalolitumia, na nalala vizuri.

---

#19 Mlinzi_wa_Zamani

Kwa wanaotumia bado programu za OAuth 1.0a (toleo la zamani, lenye funguo nne kama za bti), niliwahi kuhangaika na 401 siku nzima. Funguo zote nne sahihi, nimezinakili mara tano. Kumbe saa ya mashine ilikuwa nyuma. Kila ombi la OAuth 1.0a lina `oauth_timestamp` ndani ya sahihi yake, na seva ikiona muda umepishana mno inalikataa. Kabla ya kugusa funguo, andika `timedatectl` na uhakikishe saa inalandana na mtandao.

---

#20 Mwana_Terminali

Asante mkuu, hili ni la thamani. Niongeze kwa wanaofungua miongozo ya Twitter ya zamani: API yake (mlango wa programu nyingine kuongea nayo) ya bure kama tuliyoizoea ilifungwa mwaka 2023. Kwa hiyo programu nyingi zilizoandikwa kabla ya hapo hazitafanya kazi hata ukifuata kila hatua. Usijilaumu, na usianze kubandika funguo zako kwenye tovuti zinazoahidi "kuzirekebisha".

---

#21 Nuru_B

Baada ya kusoma uzi huu nimefungua ukurasa wa programu nilizoziidhinisha. Nimekuta toot mara nne. Moja ni ya jana. Nyingine mbili ni za kompyuta mpakato niliyoiuza. Niliifuta diski kabla ya kuuza, lakini tokeni zilikuwa hai kwenye seva muda wote huo. Ya nne siikumbuki kabisa.

---

#22 Mwana_Terminali

Kila moja ina tarehe iliyotumika mara ya mwisho. Iangalie ile ya nne kabla hujaifuta.

---

#23 Nuru_B

Mwezi uliopita. Nilikuwa sijaweka toot kwenye mashine yoyote wakati huo.

Nimezibatilisha tatu, nimebakiza ya jana. Sasa nasoma posti zangu za mwezi uliopita moja moja, na nimebadilisha nenosiri pia.

---

#24 Mwana_Terminali

Umefanya vyema. Soma na orodha ya unaowafuata, halafu vichujio na akaunti ulizozizuia, maana ruhusa ya `write` inagusa huko pia. Ukikuta kitu usichokielewa, kilete hapa, ila funika tokeni kabla hujabandika picha.